Asilimia Sabini na Moja

Zamzam alinipigia saa tano usiku.
Hakunisalimu. Alisema: imezima tena, palepale.

Palepale ni asilimia sabini na moja
ya arusi ya dada yake, ambayo wali wake tuliula Mei;
bibi arusi sasa ana tumbo linalomtangulia mlangoni
na filamu bado haijatoka.
Kila ikifika pale nyanya yao, Hajati Kaltuma,
anapoinua mkono kucheza doluka,
gurbaba yake ya njano ikianza kupepea
(na Zamzam amepaweka mwendo wa pole, na rangi juu ya rangi),
skrini inakuwa nyeusi.
Hajati mwenyewe tulimzika Agosti.

Bombo ilikuwa imelala, isipokuwa kambi.
Nikashuka nyuma ya msikiti
na bisibisi tatu, sindano ya grisi ya kijivu
na pamba iliyobaki kwenye kidonda cha mwanangu.

Kipimo kilipanda huku nikivua viatu:
hamsini na tano, themanini na nane,
tisini na saba. Hapo prosesa huburuta miguu.
Ikigonga mia inajizima, isije ikaungua.

Nilianza na linaloonekana, kama fundi yeyote mvivu.
Vumbi: jekundu, la barabara ya Luweero,
limejaa kwenye mapezi ya rejeta kama unga wa mtama.
Nikalipiga brashi, nikalipuliza, nikakohoa.
Tisini na sita.
Nikafungua kichwa cha pampu, nikapangusa grisi
iliyokauka kama ukoko wa juzi,
nikatia mpya, kiasi cha punje ya njegere,
nikakaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo.
Tisini na saba.
"Umekula hela yangu," akasema Zamzam, kicheko nusu.

Basi nikashika ile mipira miwili, mmoja kila mkono,
kama nesi wa zahanati aliyeibiwa kipimajoto.
Mmoja ulichoma.
Wa pili, baridi kama shingo ya chupa.
Joto limefika kituoni, halina wa kulibeba.
Nikaweka sikio kwenye pampu. Ilikuwa inakoroma,
krrr, krrr, kwa bidii ya ajabu,
ndipo nikacheka,
maana debe tupu ndilo lenye kuvuma.

Kabla ya kompyuta nilikuwa mtu wa malori,
miaka minne mgongo chini ya Isuzu.
Rejeta ilinisomesha kwa kuuchoma mkono huu:
maji hayashindwi na mlima,
hushindwa na hewa iliyokalia kiti chao.

"Hili sanduku limelala hivi tangu lini?"
"Tangu tulete cherehani. Chini ya meza halisimami."

Limelala ubavu, pampu juu ya kila kitu,
na mapovu, yasiyo na adabu ya kubaki chini,
yamepanda yakajikusanya humo, moyoni.

Tukahamisha cherehani. Tukasimamisha sanduku,
rejeta juu; nikaliinamisha kushoto, kulia,
kama mtu anayemcheulisha mtoto.
Kimya.
Kisha gluku. Gluku-gluku.
Kisha maji yanayokumbuka njia.
Pampu ikanyamaza. Mpira wa pili ukapata joto la kiganja.

Sitini na moja. Ikakaa hapo.

Sikumwambia kwamba hewa ile ilitoka mahali,
kwamba maji humo yanapungua mwaka kwa mwaka
na ipo siku kusimamisha hakutatosha.
Hilo liliweza kungoja chai.

Asilimia sitini na tisa. Sabini.
Zamzam akashika ukingo wa meza kama meza ndiyo inayokwenda.
Sabini na moja:
Hajati Kaltuma akainua mkono,
gurbaba ikapepea,
akageuka. Sikuwahi kujua kwamba baada ya mkono aligeuka,
akatupa mgongo, akamwita mtu aliye nje ya picha,
akakasirika kidogo,
akarudi kucheza peke yake.

Sabini na mbili.

Alfajiri nilitawadha kwenye bomba la nje.
Grisi ya kijivu ilikataa kutoka ukuchani, kidole gumba.
Nikaswali nayo.